Dawa ya sonona "imejaribiwa kwa panya": maana yake nini hasa?

Msimu wa korosho ukianza na fedha zikaanza kuonekana mikononi mwa watu, wauzaji wa dawa za asili nao huongezeka Mtwara mjini, Masasi na Newala. Utawakuta na spika juu ya meza, pakiti za unga wa mlonge na chupa za mizizi iliyochemshwa. Siku hizi maneno yao yamebadilika. Zamani mtu aliinadi dawa ya babu yake. Leo anakwambia imefanyiwa utafiti, imejaribiwa kwa panya, inaondoa mawazo na kutibu sonona. Maneno hayohayo yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na pengine yameambatanishwa na picha ya ukurasa wa jarida la kisayansi.

Mara nyingi utafiti huo upo kweli. Mlonge, kwa mfano, ulijaribiwa na watafiti wa India waliochapisha matokeo yao mwaka 2015. Ila yaliyoonekana wazi zaidi yalikuwa kwa panya waliopewa dondoo la mlonge pamoja na fluoksetini, dawa ya sonona ya hospitali, kwa siku 14 mfululizo. Sehemu hiyo haitangazwi kwenye spika. Mimi kazi yangu ni kutoa dawa, na swali la "si imeshapimwa kwa panya?" hunifikia dirishani mara kwa mara. Linastahili jibu kamili, kwa sababu anayeliuliza kwa kawaida ana mgonjwa nyumbani.

Tuanze na jaribio lenyewe. Panakuwa na silinda ya kioo au ya plastiki, kimo chake kama sentimita 40, ina maji ya nyuzi 25 hivi. Panya wa maabara anatumbukizwa humo. Dakika za mwanzo anahangaika kwelikweli: anapiga maji kwa miguu yote, anakwangua ukuta kwa miguu ya mbele, anapiga mbizi kutafuta upenyo chini. Ukuta unateleza, hakuna pa kushika. Taratibu anapunguza, kisha anaacha. Mwili unaelea, mgongo umejikunja kidogo, pua iko juu ya maji, na mguu unachezacheza kiasi tu cha kumzuia asizame. Baada ya dakika 15 anatolewa, anakaushwa, anarudishwa kizimbani. Kesho yake anarudishwa majini kwa dakika 5, na safari hii huacha kuhangaika mapema zaidi.

Kipimo ni hizo dakika 5. Mtafiti mwenye stopwochi, au kompyuta inayosoma video, anahesabu sekunde ambazo panya ametulia. Kati ya siku ya kwanza na ya pili panya wamepewa dozi tatu: kundi moja limepewa dawa inayochunguzwa, jingine limepewa maji matupu yasiyo na dawa. Jaribio likifanywa vizuri, anayehesabu hajui panya yupi ametoka kundi lipi. Kundi la dawa likitulia sekunde chache kuliko jingine, ripoti itaandika kwamba dawa hiyo inaonyesha uwezo wa kupambana na sonona. Kwa panya wa maabara wa aina ile nyingine, wenye umbo dogo zaidi, mambo ni mafupi zaidi: wanaogeshwa mara moja kwa dakika 6, na zinazohesabiwa ni 4 za mwisho.

Jaribio hili lilichapishwa mwaka 1977 na Roger Porsolt na wenzake waliokuwa Ufaransa. Mwaka 1985 likaja la pili linalofanana nalo: panya mdogo anabandikwa utepe kwenye mkia, ananing'inizwa kichwa chini kwa dakika 6, na zinahesabiwa sekunde anazokaa bila kujitikisa. Ukikutana na mmea wowote ulioandikwa kuwa "umeonyesha kutibu sonona kwa wanyama", kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichofanyika ni moja ya haya mawili, au yote mawili. Ni rahisi, hayahitaji vifaa vya gharama, na ndani ya siku chache una jibu. Ndiyo maana yameenea dunia nzima.

Sasa, ni nani aliyegundua kwamba panya aliyetulia majini ana uhusiano wowote na mama wa Nanyamba ambaye ameacha kula, halali, na haoni tena sababu ya kwenda shamba? Historia yake inakwenda kinyume na watu wanavyodhani. Dawa za kwanza za sonona hazikugunduliwa kwa panya hata kidogo. Ziligunduliwa kwa binadamu, tena kwa bahati. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu, ndugu wa karibu wa isoniazidi ambayo kila aliyetibiwa TB anaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa TB walioimeza walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1957 madaktari wakaanza kuitumia kwa wenye sonona. Imipramini nayo ilipelekwa kwa Roland Kuhn, daktari wa Uswisi, aijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili. Kwao haikusaidia, lakini wenye sonona walipata nafuu, naye akachapisha habari hiyo mwaka huohuo wa 1957. Amitriptilini, inayotolewa sana katika hospitali zetu, ni ya ukoo huohuo wa imipramini.

Baada ya hapo ndipo viwanda vya dawa vilipotaka njia ya haraka ya kupata nyingine za namna hiyo. Mwanzoni walitumia reserpini, dawa ya presha iliyotoka kwenye mizizi ya mmea. Mnyama akipewa reserpini anapoa mwili, kope zinamshuka, anajikunyata. Akipewa imipramini hali hiyo inazuiwa. Kisha likaja jaribio la Porsolt. Sifa kubwa iliyolipa heshima ni kwamba dawa ambazo tayari zilijulikana kuwasaidia watu zilimfanya panya aendelee kuogelea. Yaani kichujio kilitengenezwa kwa kufuata dawa za zamani, halafu kikatumika kutafuta mpya. Kichujio cha aina hiyo kina kasoro ya kuzaliwa nayo: hukamata vizuri kinachofanana na kile ulichonacho tayari. Dawa ya namna nyingine kabisa inaweza kupita bila kuonekana, na kitu kisicho dawa kinaweza kunasa kwa sababu tu kinamchangamsha mnyama.

Hayo yote mawili yametokea. Kafeini ya kwenye kahawa na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, humfanya panya apige maji kwa muda mrefu, na hakuna anayesema kikombe cha kahawa kinatibu sonona. Kwa hiyo maabara makini huongeza jaribio jingine: panya anawekwa katika uwanja mtupu wenye kuta fupi, na mwendo wake unapimwa. Kama dawa inamfanya akimbiekimbie humo pia, basi kule majini haikupima chochote zaidi ya wepesi wa miguu. Ukisoma utafiti wa mmea wowote, tafuta kwanza kama hatua hii ilifanyika. Isipokuwepo, sioni sababu ya kuyaamini matokeo yake, hata jarida liwe na jina kubwa namna gani.

Fluoksetini ni mfano wa upande wa pili. Ilipata kibali Marekani mwishoni mwa 1987 na imewasaidia watu wengi sana, lakini jaribio la Porsolt la awali mara nyingi halikuitambua, wala ndugu zake. Ilibidi jaribio lirekebishwe. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliongeza kina cha maji hadi sentimita 30 na wakaacha kuhesabu utulivu peke yake. Waliona kwamba dawa zinazoongeza serotonini, moja ya kemikali za ubongo, humfanya panya aogelee zaidi, na zile zinazogusa noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, humfanya aparamie ukuta zaidi. Yalikuwa maarifa mazuri. Lakini utaratibu ni uleule: dawa ilijulikana kwanza, kipimo kikarekebishwa baadaye ili kiione.

Utulivu wenyewe una maana gani? Porsolt aliuona kama kukata tamaa. Panya amejaribu, ameshindwa, amesalimu amri, na dawa inamrudishia ari. Maelezo hayo yanaingia moyoni upesi, na nadhani ndiyo sababu yamedumu muda mrefu hivyo. Lakini mwangalie tena yule panya wa siku ya pili. Jana aligundua mambo mawili: hakuna mlango, na baada ya muda kuna mkono unaokuja kumtoa. Akiacha kupigapiga maji na kuelea, anatunza nguvu. Watafiti kadhaa wamesisitiza kwa miaka mingi kwamba hiyo ni akili, ni kuizoea hali, na kwamba panya anayeendelea kuhangaika ndiye asiyejifunza. Mimi nakubaliana nao. Panya mzima wa afya aliyekuwa anakula vizuri jana hawezi kuugua sonona kwa kuogelea dakika 15. Ugonjwa wenyewe, kwa vigezo vinavyotumiwa na madaktari, unahitaji dalili zidumu angalau wiki mbili.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kuwaheshimu panya kama wapimaji. Panya buku waliofunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanatambua TB kwa kunusa makohozi, na wenzao wamenusa mabomu ya ardhini katika nchi kadhaa. Lakini tazama tofauti ilivyo. Panya buku akionyesha kwamba sampuli ina TB, maabara inaipima tena kwa hadubini au mashine, na vimelea ama vipo ama havipo. Kwa sonona hakuna cha kwenda kukihakiki ndani ya panya. Hawezi kusema kwamba anajiona hana thamani, hawezi kueleza hatia inayomla, hawezi kusema amefikiria kujiua. Kinachopimwa ni kivuli cha baadhi ya dalili, na kila jaribio lina kivuli chake.

Lipo jaribio ninaloliheshimu zaidi, ingawa halitajwi sana. Lilianzishwa miaka ya 1980 na Paul Willner. Panya haogeshwi wala hatishwi kwa mateso makali. Kwa wiki kadhaa anapewa usumbufu mdogomdogo usiotabirika: leo kizimba kimeinamishwa, kesho maranda ya kulalia yamelowa, keshokutwa taa inawaka usiku kucha, siku nyingine anawekewa mwenzake asiyemjua. Wakati wote huo ana chupa mbili mbele yake, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yenye sukari kidogo. Panya wa kawaida hupenda ile ya sukari. Aliyesumbuliwa wiki nyingi hupoteza hamu nayo, anakunywa chupa yoyote sawasawa. Hapo unaona kitu kinachokaribiana na malalamiko ya wagonjwa wetu: chakula hakina ladha, ngoma haichezeki, mtoto akicheka haimgusi.

Tena dawa za sonona hurudisha hamu ile ya sukari baada ya wiki tatu au nne za kupewa kila siku. Hilo ni kubwa. Majini, dozi tatu ndani ya saa 24 zinatosha kubadilisha hesabu ya sekunde, wakati mgonjwa anayeanza amitriptilini au fluoksetini huambiwa asubiri wiki mbili hadi sita kabla ya kuona nafuu ya kweli. Kama dawa inafanya kazi kwa panya ndani ya siku moja na kwa mtu ndani ya mwezi, huenda kinachopimwa majini ni athari nyingine ya dawa hiyohiyo. Ubaya wa jaribio la Willner ni kwamba linachukua muda, linachosha wafanyakazi, na maabara tofauti zimepata matokeo tofauti. Kwa hiyo wengi wanakimbilia silinda.

Tena majaribio ya tabia ya panya kwa jumla hayana msimamo mmoja. Mwaka 1999 maabara tatu, mbili za Marekani na moja ya Kanada, zilichapisha matokeo ya kujaribu panya wa koo zilezile kwa vifaa vilevile, siku zilezile na saa zilezile. Majibu ya baadhi ya vipimo vya tabia yakatofautiana. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa tu, humletea panya msongo unaobadilisha majibu yake. Mabadiliko ya nani kaingia zamu yanaweza kugeuza utafiti wenye panya kumi kila kundi.

Hii haimaanishi kwamba kazi hii yote ni bure. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kemikali zinazoziba kipokezi kimoja cha ubongo zinamfanya panya ajitikise zaidi majini na akining'inizwa. Ketamini inaziba kipokezi hichohicho, na hiyo ni dawa ya usingizi inayojulikana vizuri katika vyumba vya upasuaji nchini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2000, ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa saba ulioonyesha ketamini ikipunguza sonona ndani ya siku chache, na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha aina yake ya kupuliza puani, kwa masharti makali na chini ya uangalizi. Panya walikuwa wameelekeza njia.

Wanyama wa maabara wamewahi pia kuelekeza porini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na matumaini makubwa juu ya dawa zinazozuia kemikali ya ubongo inayoitwa substansi P. Vitoto vya simbilisi vilivyotengwa na mama zao vilipiga kelele kidogo zaidi vikipewa dawa hizo, na jaribio la kwanza kwa watu lilifana. Majaribio makubwa yaliyofuata yalishindwa kuonyesha kwamba dawa hizo zinakizidi kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Leo aprepitanti, dawa iliyotokana na kazi hiyo, inawazuia kutapika wagonjwa wa saratani wanaopewa tibakemikali. Ni dawa nzuri, lakini si ya sonona.

Mkulima wa Newala anaielewa hali hii kuliko anavyodhani. Kiuatilifu kikizuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye miche michache kitaluni, hatakimbilia kukinunua kwa mikorosho yake yote. Atauliza kilifanyaje kwenye mikubwa, mashambani, misimu kadhaa, Tandahimba na Nachingwea pia. Utafiti wa panya ni kitalu.

Kuna jambo jingine linalonipa wasiwasi kuliko yote, nalo ni kipimo. Mama mmoja wa Mikindani alinijia na cheti cha kijana wake, amitriptilini miligramu 25 usiku. "Mwanangu," akaniambia, "hizi zinamkausha mdomo na zinamlaza. Kuna unga nimeambiwa umepimwa kwa panya, nimpe huo badala yake?" Nikamuuliza ameelekezwa ampe kiasi gani. "Vijiko viwili, mara tatu." Hakuna utafiti wa panya unaoweza kumfikisha mtu kwenye vijiko viwili.

Hesabu yake ni hii. Panya wadogo katika majaribio ya mimea mara nyingi hupewa kitu kama miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Ukizidisha moja kwa moja kwa mtu wa kilo 60 unapata gramu 12, na hilo ni kosa, kwa sababu mwili mdogo huunguza dawa haraka zaidi. Watafiti hugawanya kipimo cha panya mdogo kwa 12 hivi, kwa hiyo kwa mtu huyo inakuwa karibu gramu 1. Na hiyo gramu 1 ni ya dondoo, majani yaliyolowekwa kwenye spiriti kisha yakakaushwa hadi kubaki utomvu, si majani yaliyotwangwa. Isitoshe, hesabu hiyo ipo kwa ajili ya kukadiria dozi salama ya kuanzia majaribio kwa watu, ambayo kwa kawaida hupunguzwa tena mara kumi. Haikutengenezwa kumwandikia mgonjwa.

Nilimweleza mama huyo kwamba mdomo kukauka na usingizi ni athari za kawaida za dawa ile, kwamba daktari anaweza kubadilisha dozi au kumhamishia kwenye fluoksetini, na kwamba mlonge kama mboga ya kulia ugali hauna neno. Kilichonitisha ni ile "badala yake". Kuacha dawa ya sonona ghafla kunaleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi, pengine kwa nguvu zaidi.

Mimea si ya kudharauliwa. Upo mmoja wa Ulaya, Hypericum perforatum, ambao haukuishia kwa panya. Umejaribiwa kwa maelfu ya watu na unaonekana kusaidia sonona isiyo kali. Lakini majaribio hayohayo ya watu, na miaka ya matumizi, ndiyo yaliyofichua kwamba unapunguza nguvu ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango, na kwamba ukichanganywa na fluoksetini unaweza kuleta hali ya hatari ya serotonini kupita kiasi. Panya ndani ya silinda asingeweza kutuambia hayo, kwa kuwa hamezi dawa nyingine.

Kuhusu panya wenyewe, sikubaliani na wanaosema haifai kuwafikiria kwa kuwa ni panya tu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawagusa pia wanyama wa utafiti, na tangu 1959 sayansi imekuwa na kanuni ya kutafuta njia mbadala kwanza, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Mnyama akitiwa hofu ya kuzama ili kupata jibu ambalo halituambii sana kuhusu mgonjwa, hofu hiyo imepotea bure. Jimbo la New South Wales huko Australia lilipiga marufuku jaribio la kuogelea kwa lazima mwaka 2024, na mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kulimaliza. Nadhani wamefanya sawa. Kwa majaribio ya polepole, kama lile la maji ya sukari, bado naona sababu ya kuendelea nayo, yakisimamiwa vizuri.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya ukurasa wa jarida, ulizia ni jaribio gani lilifanyika, kama mwendo wa panya ulipimwa pia, kama dawa ilitolewa peke yake au pamoja na ya hospitali, na kama kuna watu waliowahi kuitumia katika utafiti. Mwenye mgonjwa anayetaka kuongeza dawa ya asili aende nayo kliniki, pakiti na yote, iwe hospitali ya Ligula hapa Mtwara, ya Sokoine kule Lindi au ya Ndanda, akaseme waziwazi anachotumia na kiasi gani. Na anayesema amechoka kuishi asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe leo, asindikizwe na mtu, na vidonge vyake vitunzwe na mwingine, kwa sababu amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inasimamisha moyo.